Herufi S na Kurasa Tatu

Ndugu Mhariri ameniomba nieleze kwa nini makala moja ya gazeti hili ilichelewa. Kosa lilikuwa langu, nami nalieleza bila kujitetea.

Chumba chetu cha kompyuta kina mashine nane kuukuu. Wakati wa masika vipanya viliharibika, na mashine iliyo karibu na dirisha la kutazama milima ya Uluguru ikabaki bila kipanya. Hakuna aliyeitaka, basi nikaichukua mimi. Mashine zetu huendeshwa kwa Linux, na kazi ya kuyapanga madirisha kwenye kioo hufanywa na Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996. Nembo ya Xfce ni panya. Nilicheka sana nilipoiona, maana panya ndiye tuliyemkosa.

Ukishika Alt ukabonyeza Tab, wahamia dirisha jingine. Alt na F4 hufunga dirisha, Alt na F9 hulificha, Alt na F10 hulikuza likajaa kioo. Wala si lazima uyakubali hayo kama yalivyo. Fungua mipangilio ya madirisha, nenda sehemu ya kibodi, nawe utakuta orodha ya kazi zote. Wachagua kazi, wabonyeza vitufe uvitakavyo, na tangu hapo hukutii. Baada ya jioni nne nilikuwa mwepesi kuliko wenye vipanya. Vijana wa kidato cha pili wakawa wanasimama nyuma yangu kutazama, nami, nakiri, nikavimba kichwa. Niliwaambia kwamba hata Douglas Engelbart, alipowaonyesha watu kipanya chake kule San Francisco mwaka 1968, mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kibao cha vitufe vitano.

Sasa kosa lenyewe. Nilitaka dirisha la kamusi likae juu ya mengine daima. Kazi hiyo nikaipa Ctrl na S, yaani S ya "simama". Mashine haikunikataza. Huonya tu ikiwa vitufe vimekwisha kupewa kazi nyingine katika orodha yake yenyewe. Desturi za programu nyingine haizijui. Lakini kila ajuaye kuchapa anajua kwamba Ctrl na S ni kuhifadhi kazi. Na msimamizi wa madirisha ndiye apokeaye vitufe kwanza, kama bawabu mlangoni. Akiona ni vyake huvichukua, na programu unayoandikia haipati habari. Tena sote tuliingia katika mashine ile kwa jina moja, kwa hiyo nililolipanga mimi likawa sheria kwa kila aliyeketi pale.

Jumamosi moja, kipanya kikiwa kimekwisha kupatikana, aliketi kijana wa kidato cha pili. Alikuwa ametoka likizo Matombo, ambako bibi yake alimsimulia jinsi koo za Waluguru zinavyofuata upande wa mama. Bibi hakupenda aandike mbele yake, basi maneno yote aliyabeba kichwani. Alifungua faili katika Mousepad, akaandika kichwa cha habari, akalihifadhi kwa kipanya. Kisha akachapa kurasa tatu, na kila mwisho wa aya akabonyeza Ctrl na S kama alivyofundishwa. Ile nyota ndogo juu ya dirisha, ambayo ni alama kwamba kazi haijahifadhiwa, ilikaa pale muda wote. Lakini nani hutazama nyota?

Yapata saa kumi mvua ikashuka kutoka mlimani, umeme ukakatika. Uliporudi, faili lilikuwa na kichwa cha habari tu.

"Kaka, nilihifadhi," akaniambia. "Nilihifadhi kila mara."

Wenzake wakamcheka kwamba amesahau. Mwalimu naye akamwambia kwa upole kwamba mchapaji hujifunza kwa hasara. Mimi nilikwisha kuelewa, nikanyamaza. Jambo hilo laniuma kuliko ile S.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu. Akanisikiliza, akasema, "Kamwambie mwenyewe." Nikaenda.

Yule kijana akauliza, "Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau."

Akafikiri kidogo. "Basi waambie na wale."

Nikawaambia, bwenini mwao, wote wakiwapo.

Mipangilio yangu niliirudisha ilivyokuwa mwanzo. Kuna kitufe cha kazi hiyo. Kisha nikaipanga upya kwa kitufe cha Super, kile chenye picha ya dirisha karibu na Alt, ambacho programu nyingi hazikitumii kwa kazi zao. Orodha yake nimeibandika ukutani, na Mwalimu amekipa kila kidato jina lake la kuingilia.

Jioni mbili tuliketi pamoja, yeye akisema nami nikichapa. Majina ya koo mbili hayakumrudia, nasi tumeacha nafasi katika makala yake mpaka atakapopanda tena gari la Matombo wakati wa likizo. Kila tulipomaliza aya aliusogeza mkono wangu, akabonyeza Ctrl na S yeye mwenyewe, kisha akainama kutazama kama nyota imeondoka.