Fundi wa Fizi na buati ya Chevelle

LOUISVILLE – Mwezi mzima gari lilikaa juu ya vigingi bila buati ya vitesi, na kila Jumamosi mzee mwenye gari alifika garajini kuuliza neno lilelile: lini?

Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle SS 396 ya mwaka 1969, moteri ya silinda 8, lita 6,5. Wamarekani wanayapenda sana magari ya kizazi hicho: mwili wa gari la kawaida, moteri karibu ya lori. Fundi ni mtoto wa Fizi. Alipitia kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, kabla ya kupokelewa Kentucky pamoja na familia nyingine za Wakongomani. Ufundi hakuusomea darasani. Aliuokota barabarani, akiwa konvoyeri wa lori kati ya Uvira na Bukavu.

Pale garajini walimpa kubadilisha mafuta na kufunga breki, basi. Buati hii ilikuwa kazi kubwa ya kwanza kuachiwa peke yake, na patroni alimwambia wazi kwamba mteja akilalamika, hakutakuwa na ya pili. Feza ya kazi hiyo ilikuwa na mahali pake tayari. Mama yake amekimbia kijiji na anaishi kwa familia pokezi huko Baraka, na wajukuu watatu wanaongoja minervali.

Mzee alijua anachotaka: M22. Enzi zile Chevrolet ilitumia buati za vitesi 4 zilizotengenezwa Muncie, mji wa jimbo la Indiana. Zilikuwa tatu, M20, M21 na M22. Hii ya mwisho waliiita Mvunja Mawe, kwa sababu meno ya pinyo zake hayakukatwa kwa mshazari mkubwa kama ya zile nyingine. Ni ngumu, lakini inalia njia nzima. Mzee aliisikia ikilia alipokuwa kijana asiye na dola mfukoni, na mlio huo haujamtoka.

Fundi hakubisha. Aliuliza tu: «Mzee, gari hili utalipeleka wapi?»

Mzee alisema atalipeleka Lexington kwa binti yake, mwendo wa kilometa zaidi ya mia moja kwa barabara kuu, na mjini siku ya Mungu. Mashindano? Hapana, goti la kushoto limekwisha kupasuliwa.

Fundi akachukua kipande cha katoni na kalamu. Vitesi ya kwanza ya M20 ni 2,52, maana yake moteri inazunguka mara mbili na nusu ili mti wa nyuma uzunguke mara moja. Ya M21 na M22 ni 2,20. Namba hiyo unaizidisha kwa pinyo za ponti ya nyuma, ambazo kwa gari hili zilikuwa 3,31. M20 inatoa 8,3. M22 inatoa 7,3. Mafundi wa magari haya hupenda jibu likaribie 10 kwa gari la kutembea mjini. Jibu likishuka sana, gari linakuwa zito kuondoka, na dereva anashikilia ambrayaje nusunusu kwenye kila taa nyekundu mpaka inanuka. Na ambrayaje iko chini ya mguu wa kushoto, mguu wa lile goti.

Wengi hujibu kwamba basi, badilisha ponti, weka 4,10. Kweli, M22 inapanda hadi 9,0 na kuondoka kunakuwa rahisi. Lakini vitesi ya nne ya buati zote tatu ni 1,00. Haipunguzi kitu. Kwa magurudumu ya gari hili, mwendo wa kilometa 105 kwa saa ungetaka moteri izunguke karibu mara 3300 kwa dakika, badala ya 2700. Saa nzima mpaka Lexington, mafuta yanakwenda na masikio yanauma.

Jambo hili fundi hakulisoma popote. Mwenye lori aliyemtumikia alifunga siku moja ponti ya pinyo za mbio, ili awatangulie wengine kwenye tambarare ya Ruzizi. Tambarare waliimaliza vizuri. Wanaoijua Ngomo wameshaelewa yaliyofuata. Kwenye kona ya tatu lori liligoma hata kwa vitesi ya kwanza, ikabidi magunia ya muhogo yashushwe, nusu yapande kwanza, nusu yalale na konvoyeri kando ya barabara. Konvoyeri alikuwa yeye, na mvua haikukosa.

Kulikuwa na njia nyingine, buati mpya ya vitesi 5 ya Tremec: ya kwanza 2,87, ya tano 0,68. Kwa ponti ileile inatoa 9,5, na kwenye barabara kuu moteri ingezunguka kama mara 1800 tu. Kwa hesabu hiyo inazishinda zote. Mzee hakutaka hata kuisikia. Gari la 1969 libaki la 1969.

«Basi M20, na ponti tusiiguse,» fundi alisema.

Mzee aliikunja katoni, akaiweka mfukoni, akaondoka bila kuaga. Jumamosi iliyofuata hakuja. Patroni hakusema kitu, na hilo lilikuwa baya kuliko kusema. Mama alipopiga simu, fundi alimwambia kazi inaendelea.

Jumamosi ya pili mzee alirudi na katoni ileile, sasa ina doa la kahawa na namba zake mwenyewe pembeni. Alikuwa amezipiga upya. «Weka hiyo yako,» alisema.

Siku ya kulijaribu walipanda wote wawili. Kwenye mlima mmoja taa iliwazuia katikati. Taa ilipowaka kijani, mzee aliachia ambrayaje polepole na gari likaondoka bila kutetemeka. Hakusema neno. Alizunguka mtaa mzima, akarudi kwenye mlima uleule akasimama tena kwa makusudi.

Feza ilifika Baraka wiki hiyo. Mama alipiga simu kushukuru, akauliza gari hilo lenye moteri ya lori linabeba magunia mangapi.

«Halibebi gunia, mama.»

Akanyamaza kidogo. «Sasa wanalitengenezea nini?»