Akija Usiku, Mfungulie

Huku Mamba, tangazo la afya likibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji husomwa na wachache. Likisemwa na katekista baada ya misa, au na shehe baada ya swala ya Ijumaa, kabla jua halijazama limeshafika Majimoto, limeshafika Usevya, na limewafikia hata wafugaji wanaoishi mbali na barabara. Ndiyo maana nikifikiria afya ya uzazi katika bonde letu la Rukwa sianzi na hospitali. Naanza na watu wa dini. Mama zetu huwasikiliza wao kabla ya kumsikiliza daktari, na neno lao limewahi kuponya, tena limewahi kuua.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Katavi, kati ya kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Hakuna mkoa uliotuzidi. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 27, na utafiti wa 2022 ukaukuta umeshuka hadi 22. Takwimu zile zilipotangazwa, wengi walisema ni aibu ya mkoa. Wengine wakasema mabinti wa siku hizi hawana malezi. Sikusikia wengi wakiuliza hao 45 walijifungulia wapi, nani aliwashika mkono, nani aliwapikia uji siku ya kwanza. Swali hilo ndilo lililonikaa moyoni mpaka leo.

Anayeishi huku anajua mimba hizo zinatoka wapi. Mtoto wa miaka 14 anafaulu kwenda sekondari ya kata, shule iko mbali na kwao, wazazi wanampangishia chumba mtaani. Anapewa mchele na mboga kavu, anaambiwa asome kwa bidii. Mchele ukiisha katikati ya muhula, anayejitokeza kumsaidia mara nyingi ni mwanamume mwenye pikipiki. Yuko pia binti ambaye shule hakuiona kabisa, kwa kuwa baba amehesabu ng'ombe wa mahari. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Lakini hukumu ya Dar es Salaam huchukua muda mrefu kufika kwenye zizi la ng'ombe, na ikifika humkuta kiongozi wa dini ameshaalikwa kubariki ndoa.

Mwili wa mtoto haujui habari za mahari. Nyonga ya binti wa miaka 15 mara nyingi haijakomaa, na uchungu unaweza kukaa siku mbili, tatu, mtoto amekwama. Akipona kifo, anaweza kubaki na fistula: mkojo unavuja mchana na usiku, mume anamrudisha kwao, na hata kanisani anaketi karibu na mlango ili atoke upesi watu wakianza kuziba pua. Fistula hutibika. Bugando, hospitali ya maaskofu Wakatoliki kule Mwanza, inafanya upasuaji huo. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inautoa bila malipo, na kwa miaka mingi imekuwa ikituma nauli kwa simu ili mgonjwa wa kijijini aweze kusafiri. Lakini kutoka hapa hadi Mwanza ni safari ndefu ya kupitia Mpanda na Tabora, na mwanamke anayenuka mkojo haianzi safari hiyo mpaka mtu mmoja anayemwamini amwambie kwamba hajalaaniwa. Mtu huyo, kwa mila zetu, ni mtu wa dini.

Mkoa huu una urithi katika jambo hili, nasi tunausahau. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kijana Mwafrika aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa, Wamisionari wa Afrika wakamkomboa Algeria, kisha akasomeshwa udaktari Malta. Akaja kwetu akiwa daktari na katekista kwa pamoja. Alikaa Karema hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 ya kutibu watu. Hospitali moja ya Sumbawanga ina jina lake. Mimi humfikiria sana Atiman. Mtoto aliyewahi kufanywa bidhaa aliamua kwamba mwili wa mtu mwingine usifanywe kitu cha kuuzwa wala kudharauliwa. Imani na dawa alivibeba katika mfuko mmoja. Anayesema leo kwamba kanisa halihusiki na mambo ya kliniki, na aende Karema akaulize.

Na si Karema tu. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitiliana saini makubaliano ya kushirikiana katika elimu na afya, na katika wilaya nyingi za nchi hii hospitali ya kanisa ndiyo imekuwa hospitali teule ya wilaya. Kwa hiyo dini imo ndani ya chumba cha kujifungulia tangu zamani. Kilichobaki ni namna inavyomtazama anayeingia.

Katika jumuiya yetu ndogondogo palikuwa na bibi mmoja, Mungu amrehemu, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, mkali wa katekesimu kuliko paroko. Rozari haikumtoka mkononi. Bibi huyo ndiye mabinti walimkimbilia usiku. Nilikuwapo siku moja baba wa binti alipomfuata kwa hasira, akitaka kujua ni nani aliyeiharibu nyumba yake. Binti alikuwa ndani, anavuja damu, amelala juu ya mkeka. Bibi alisimama mlangoni akamwambia, "Baba, maneno tutayaongea kesho. Leo nipe hela ya pikipiki." Baba alinyamaza. Kisha akatoa hela. Binti akafungwa kanga mbili, akapakiwa katikati ya dereva na mwanamke wa jumuiya, wakaondoka kwenda kituo cha afya. Alipona. Sijui hadi leo kama ile mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa, na bibi hakuuliza hata mara moja. Siku ya tatu alimpelekea uji wa ulezi.

Bibi yule hakubadilisha fundisho hata moja la kanisa lake. Alijua tu kwamba mgonjwa haulizwi maswali ya mahakamani.

Nimeona pia kinyume chake. Katika kanisa moja, ambalo silitaji, binti mjamzito alitolewa kwenye kwaya na jina lake likasomwa mbele ya waumini. Kijana aliyempa mimba, ambaye kila mtu alimjua, aliendelea kupiga kinanda Jumapili ile ile. Nilisikitika, na bado nasikitika. Mabinti wengine wa kwaya walikuwa wamekaa pale wakisikiliza, na somo walilolipata halikuwa usafi wa moyo. Walijifunza kuficha. Msichana aliyejifunza kuficha hahudhurii kliniki, haangaliwi presha, hapimwi damu, na akianza kuvuja damu usiku hujifungia ndani na mizizi ya kuchemsha, au na vidonge alivyouziwa gizani na mtu asiyejua kipimo chake.

Hapa sheria inaongeza hofu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtishia kifungo cha hadi miaka 14 anayetoa mimba ya mwenzake, na hadi miaka 7 mwanamke mwenyewe. Kifungu cha 230 kinamlinda tabibu anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama, lakini kijijini kifungu hicho hakijulikani. Wala haijulikani kwamba kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, kwa sababu yoyote ile, ni huduma halali inayotolewa katika vituo vyetu. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, na kifungu chake cha 14 kinataka mimba ya kubakwa, ya ndugu wa damu, au inayohatarisha uhai na afya ya mama iweze kutolewa kwa usalama hospitalini. Sheria zetu za ndani hazijafika hapo. Mimi ni mwamini, na najua waamini wenzangu wengi hawatakubaliana nami, lakini naona zinapaswa kufika. Mtoto aliyebakwa na mjomba wake asikutane na jela pale alipotarajia kukutana na nesi.

Hata wasiokubaliana nami katika hilo, katika rehema hatuna sababu ya kutofautiana. Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote ruhusa ya kudumu ya kumwondolea dhambi ya kutoa mimba kila anayetubu, jambo ambalo kwa kawaida lilikuwa mikononi mwa askofu. Hakusema si dhambi. Alisema mlango usifungwe. Na wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1967 huko New York, wakati kutoa mimba kulikuwa bado ni kosa la jinai, mchungaji wa Kibaptisti aitwaye Howard Moody na wenzake, wachungaji na marabi 21 kwa jumla, walitangaza gazetini kwamba mwanamke mwenye mimba asiyoweza kuibeba awapigie simu, nao watamsikiliza na kumwelekeza kwa daktari wa kweli. Walikuwa wamechoka kuzika wanawake. Hali yao si hali yetu, lakini uchovu ule naufahamu.

Kuhusu uzazi wa mpango, dini zetu hazina sauti moja, na ni vizuri tuseme hivyo wazi. Kanisa Katoliki, tangu waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, linakataza vidonge, sindano na vipandikizi, na linafundisha njia za asili kama Billings. Waanglikana waliruhusu uzazi wa mpango katika mkutano wao wa Lambeth wa 1930. Kwa Waislamu, masahaba walifanya azli, yaani kumwaga mbegu nje, wakati wa Mtume, na wanazuoni wengi wamejenga juu ya hilo ruhusa ya kupanga uzazi kwa makubaliano ya mume na mke. Aya ya 233 ya Sura ya Baqara inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na wataalamu wa afya nao wanashauri mama apumzike angalau miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine. Kwa hiyo nafasi kati ya mtoto na mtoto haina mpinzani kati yetu. Tunabishana juu ya njia.

Wakati wakubwa wanabishana, nawajua wanawake wa huku wanaochomwa sindano ya miezi mitatu kwa siri na kuacha kadi ya kliniki kwa jirani, mume asiione. Wanasali, wanafunga, wanatoa zaka. Sioni kwamba mwanamke aliyezaa mara saba, aliyeongezewa damu katika uzazi wa mwisho, anahitaji kusikia kutoka kwangu au kwa mwanamume yeyote aliyeketi mbele kwamba arudie tena. Dhamiri yake ni mali yake mbele ya Mungu wake. Kazi ya jumuiya ni kuhakikisha anajua ukweli wote, wa njia ya asili na wa njia ya hospitali, na kumketisha mume wake asikilize.

Nchi imepiga hatua. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16, na 104 katika ule wa 2022. Wakunga, manesi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamefanya kazi ya kushukuriwa. Na Novemba 2021 serikali iliondoa zuio, ikawaruhusu wanafunzi waliojifungua warudi shuleni katika mfumo wa kawaida. Hapa ndipo naona nafasi kubwa kabisa ya watu wa dini, na haihitaji fundisho lolote kubadilika. Binti anaruhusiwa kurudi darasani, lakini mtoto anamwachia nani? Bibi yake yuko shambani, mpunga unapaliliwa. Kina mama wa jumuiya wakipeana zamu ya kulea watoto wawili watatu kuanzia asubuhi hadi saa nane, mabinti wawili watatu watafanya mtihani wa kidato cha nne. Kigango kina jengo linalokaa tupu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Madrasa ina kivuli na maji. Mfuko wa jumuiya unaotoa sanda na mchele wa msiba unaweza kutoa pia nauli ya pikipiki ya mjamzito, maana yeye bado yuko hai.

Paroko, mchungaji, shehe, katekista unayesoma haya: Ijumaa hii au Jumapili hii, kabla ya matangazo ya michango, waambie watu wako kwa sauti kwamba binti yeyote anayevuja damu apelekwe kituo cha afya usiku huo huo, na kwamba akirudi hatatengwa na hatasomwa jina. Sema pia nyumba ipi itamfungulia mlango, na iwe nyumba yako.