Barua kutoka Havana: anza na ngoma

Binamu yangu mpendwa,

Huku Havana nala wali na maharage kama niko nyumbani, na joto la hapa ni la pwani hasa. Uliniuliza kama ule mkusanyiko wa muziki niliokusikilizisha kabla ya kusafiri una mizizi mitaani, au ni ladha ya wapenda santuri wa London tu. Nimetembea, nimesikiliza, sasa nakujibu. Kaa kitako.

Unaikumbuka, ile Cuba: Music and Revolution iliyotolewa na kampuni ya Soul Jazz Records ya London mwaka 2021, nyimbo zikachaguliwa na Gilles Peterson na Stuart Baker. Ni muziki wa kati ya mwaka 1975 na 1985: fanki, salsa na jazi vimefumwa pamoja hadi hujui kimoja kinaishia wapi. Humo wamo Irakere, Los Van Van, na Juan Pablo Torres na tromboni yake.

Wewe na mimi tulikulia kwenye muziki wa Kuba wa zamani zaidi. Zile santuri za Kuba za mfululizo wa GV ambazo kampuni ya HMV ilianza kuzileta Afrika mwaka 1933 ziliwaingia wazee wetu damuni, hadi Morogoro ikawa na bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Huu wa baada ya mapinduzi ya Kuba ni habari nyingine. Mwaka 1964 serikali iliunda kampuni ya kurekodi, EGREM, na kwa miaka mingi karibu kila santuri ya Kuba ilipitia mikononi mwake. Vikwazo vya Marekani navyo vilikuwa vimeshafunga soko kubwa lililo jirani kabisa. Ndiyo maana kazi nzuri namna hii imechelewa kutufikia.

Nilikwenda hadi mtaa wa San Miguel, namba 410, katikati ya jiji. Hapo ndipo ilipo studio ya zamani ya EGREM, iliyorithiwa kutoka kampuni ya Panart. Ni jengo ambalo ungelipita bila kugeuza shingo. Wanamuziki wa Buena Vista Social Club walirekodi hapo mwaka 1996 na dunia nzima ikasikia, lakini miaka ishirini kabla yao kuta hizo zilikuwa zimeshatikiswa na magitaa ya umeme na tarumbeta kali.

Jibu la swali lako, hata hivyo, nililipata Jumapili, kwenye kichochoro cha Callejón de Hamel, kuta zote zimechorwa rangi za kuwaka. Rumba ya hapo haina gitaa wala kinanda. Ni ngoma, vijiti na sauti za watu. Mmoja anagonga claves, vipande viwili vya mbao ngumu: mapigo matatu, halafu mawili, na harudi nyuma hata jua liwake vipi. Wapiga ngoma za tumbadora wanajipanga juu ya mapigo hayo, mwimbaji anaita, umati unaitikia. Mwanamume anacheza akimvizia mwanamke, ghafla anarusha mkono au mguu, na mwanamke anajikinga kwa pindo la sketi kabla hajafikiwa. Watu wakashangilia, nami nikashangilia nao.

Jioni ile niliwasikiliza upya Irakere, bendi aliyoianzisha mpiga piano Chucho Valdés mwaka 1973, akiwa na Paquito D'Rivera kwenye saksafoni na Arturo Sandoval kwenye tarumbeta. Waliziingiza kwenye bendi ya dansi ngoma za batá, ambazo Wayoruba waliofanywa watumwa walizitumia kuabudia. Ni ngoma tatu zenye nyuso mbili. Mpigaji anaketi, anailaza ngoma mapajani na kuipiga huku na huku. Ndogo inashikilia mwendo, kubwa, iitwayo iyá, inaongoza na kuzungumza. Wengi husifu tarumbeta za Irakere, na zinastahili sifa. Lakini ukizisikiliza vizuri, utasikia zinaitikia ngoma, kama umati wa kichochoroni.

Los Van Van nao ni hivyo hivyo. Juan Formell aliwaanzisha mwaka 1969, naye akishika besi. Mpiga dramu wao Changuito aliyachukua mapigo yaliyokuwa yakigawanywa kwa wapigaji kadhaa, akayaleta kwenye dramu zake mwenyewe, na mtindo wa songo ukakomaa. Besi yenyewe inatangulia pigo unalolisubiri, ndiyo maana mguu hautulii.

Kwa hiyo, binamu, usikubali mtu akuambie kwamba Wakuba waliiga fanki ya Marekani. Waliisikia, wakaipenda, wakaikaribisha kwenye nyumba iliyokuwa na wenyewe tayari. Wenye nyumba ni wajukuu wa watu walioletwa kwa minyororo kutoka Kongo na nchi ya Wayoruba, ambao hata utumwa ulipofutwa Kuba mwaka 1886 walikuwa bado na ngoma zao. Hilo linanigusa kuliko ufundi wote wa studio.

Fanya hivi: chukua wimbo mmoja wa Irakere, zisikilize ngoma peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, kisha urudie ukisikiliza tarumbeta. Niandikie umesikia nini. Nisalimie mjomba, na mwambie ile Cuban Marimba yake ina ndugu huku.

Wako akupendaye,
Binamu yako