Mashini Kubwa na Daftari Dogo



Mwezi uliopita, kijana mmoja wa kanisa letu hapa Kindu alinifuata nyuma ya ibada akaniuliza: «Papa Pasta, nimeweka makuta kidogo. Nataka kununua frezezi juu ya atelie yangu ya nyumbani. Nikamate ya namna gani?» Sikumjibu palepale. Nilimwambia: «Keti kwanza, nikuelezee namna mimi mwenyewe nilivyokosea.» Na kwa kuwa najua kwamba kule Kalima, Punia, Kailo na Namoya kuna vijana wengi waliojifunza kazi ya chuma na wenye tamaa ileile, nimeona vema niwaandikie ninyi wote.

Kwanza, kwa mama na watoto wasioijua: frezezi ni mashini ya kuchonga chuma. Katika turu, kitu ndicho kinachozunguka na kisu kinatulia. Kwa hiyo turu inatoa vitu vya mviringo. Katika frezezi ni kinyume. Kisu, kinachoitwa freze, ndicho kinachozunguka, na kitu kimefungwa juu ya meza inayosogezwa kwa manivele. Hapo unapata sura bapa, mifereji, na meno ya pinyo. Mwaka 1862, huko Providence katika Marekani, Joseph Brown alitengeneza frezezi iliyoweza kuchonga ile mifereji inayozunguka kwenye meshi za kutobolea chuma. Mbele ya hapo wafanya kazi waliichonga kwa mkono, kwa tupa, mmoja mmoja. Mtu aliyewahi kupiga tupa siku nzima anajua ile ilikuwa ukombozi wa namna gani.

Hapa kwetu inatumika kwa nini? Maniema ni nchi ya mpunga. Katika kila mashini ya kukoboa kuna mhimili, na juu ya mhimili kuna puli. Kinachowashika pamoja ni kipande kidogo cha chuma kinachoitwa klaveti, kinacholala ndani ya mfereji wake. Mfereji ule ukilika, puli inazunguka bure, mashini inalia bila kukoboa, na mama anarudi nyumbani na gunia lake kichwani. Ni hivyohivyo kwa mitumbwi ya moteri inayopanda na kushuka Lualaba. Mfereji wa klaveti ukilika, propela haivuti tena.

Marehemu baba yangu alikuwa ajistere wa reli. Wazee wanakumbuka kwamba mji huu uliitwa Kindu-Port-Empain, na reli ya kilomita 355 mpaka Kongolo ilijengwa mbele ya vita ya 1914, juu maporomoko ya mto yalizuia mashua kupita. Baba aliniachia eto moja, tupa kumi na mbili, na komparatere ndani ya kisanduku cha mbao. Komparatere ni saa ndogo ya kupimia, inayoonyesha hata sehemu moja ya mia ya milimeta. Mimi nilikwenda Shule ya Biblia, lakini mikono yangu haikusahau chuma. Mtoto wangu wa kwanza alisoma mekanike, na nyuma ya nyumba tulikuwa na turu ndogo tuliyonunua kwa mjane wa rafiki yangu. Kilichokosa ni frezezi.

Tulikusanya dola 2.400. Katika hizo, 900 zilikuwa za Mama Pasta, za likelemba na biashara yake ya mchele. Na alisema wazi mbele ya watoto: «Haya makuta ni masomo ya hawa wasichana wawili. Mukiyapoteza, wao njo watabaki nyumbani.» Kumbukeni neno hilo.

Katika nchi ya migodi, sisi tunazoea mashini kubwa. Tangu wakati wa makampuni ya zamani, mpaka SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, mpaka ilipofungwa na SAKIMA ikaingia mwaka 1997, atelie za migodi zilikuwa shule ya chuma kwa watoto wetu. Kwa hiyo mtu mmoja alipokuja kutuambia kwamba katika kambi fulani iko frezezi ya Ulaya, kilo 1.600, kwa dola 1.400 tu, mioyo yetu ilichemka. Tulikwenda kuiona. Ilisimama ndani ya hangari kama tembo. Kijana wangu aliipapasa akasema: «Papa, tukikamata hii, mutu wa kushindana na sisi Kindu haiko!» Na mimi, mtumishi wa Mungu, nikatoa dola 150 za avansi siku ileile. Sikuuliza karatasi. Sikumwambia mke wangu.

Siku tatu nyuma nilirudi kwa yule mtu kuomba karatasi ya mali. Alicheka: «Papa Pasta, kampuni ilikufa zamani, karatasi ya nini tena?» Ndugu zangu, kampuni inaweza kufa, lakini mali yake haikosi mwenyewe. Nikaelewa kwamba nilikuwa karibu kuingiza kitu cha wizi katika nyumba yangu, na kumfundisha mtoto kazi juu ya wizi. Niliomba avansi yangu. Mpaka leo sijaiona.

Jioni ile nilimwambia Mama Pasta yote. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchagua mchele wake, kisha akauliza neno moja tu: «Baba watoto, kazi gani munakosa juu ya kukosa ile mashini? Muliiandika?» Tulitazamana, mimi na kijana. Hatukuwa tumeandika hata mstari mmoja. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na Yesu, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anaketi kwanza na kuhesabu gharama. Nilikuwa nimehubiri maneno hayo mara nyingi.

Tulinunua daftari. Kwa miezi mitatu tuliandika kila kazi tuliyoirudisha kwa kukosa frezezi, na kipimo chake. Zilikuwa kazi 47. Katika hizo, 26 zilikuwa mifereji ya klaveti, 12 ni sura bapa na mianya midogo, 5 ni meno ya pinyo, na 4 tu zilikuwa vitu vikubwa vinavyoomba mashini kama ile ya kambini. Maana yake, kazi 43 zingefanyika juu ya mashini ndogo. Ningalinunua tembo juu ya kazi 4!

Sasa, mpenzi msomaji, haya ndiyo tuliyojifunza. Yashike kabla hujafungua mfuko.

Kwanza, soma sahani ya mota. Hapa wengi wetu tunaishi kwa grupe au kwa kuran inayokuja na kuondoka, na nyumbani tunapata volti 220 za faze moja. Mashini za zamani zinaomba faze tatu. Iko chombo kinachoitwa variatere: kinaingiza 220 ya faze moja na kutoa 220 ya faze tatu, tena kinaamsha mota polepole bila kushtua grupe. Lakini mota iwe imeandikwa 220/380, ili uifunge kwa pembetatu. Ile ya kambini iliandikwa 380/660. Variatere ya namna hiyo haiwezi kuilisha sawasawa. Kumbuka pia kwamba mota inayowashwa bila variatere inavuta kuran mara tano au zaidi wakati wa kuamka. Grupe yetu ni ya kVA 5. Ile mashini ingaliizima kila asubuhi.

Pili, tazama nguzo. Tuliletewa habari ya mashini nyingine, mpya na ndogo, ya bei rahisi, yenye nguzo ya mviringo kama bomba. Inang'aa! Lakini ukipandisha kichwa chake ili kubadilisha kisu, kichwa kinageuka kidogo kuzunguka nguzo, na mahali ulipopima panapotea. Unaanza kupima upya. Chagua nguzo ya pembe nne, ambayo kichwa kinateleza juu yake katika njia iliyonyooka.

Tatu, usidanganywe na perezi. Kijana mwingine anafunga freze katika perezi ya kutobolea na kusema amepata frezezi. Perezi imefanywa kusukuma chini tu. Freze inasukuma kwa upande, na mandreni yake, isiyoshikwa na buloni ndefu kutoka juu, inaweza kuchomoka ikizunguka. Hiyo ni hatari ya macho na vidole.

Nne, pima mchezo. Mashini ya okazyo, weka komparatere penye ncha ya mhimili, kisha sukuma mhimili kwa kipande cha mbao. Sindano ikikimbia na isirudi, rulema zimechoka au kuna kitu kilicholegea. Kisha zungusha manivele ya meza na uhesabu: inazunguka kiasi gani kabla meza haijaanza kwenda? Mchezo kidogo upo katika kila mashini ya namna hii. Ukiwa nao, peleka kitu kukutana na meno ya kisu, usikipeleke upande uleule yanakokwenda. La sivyo kisu kitavuta meza ghafula na kuvunjika.

Tano, weka makuta ya visu mbele ya makuta ya mashini. Mashini bila eto yake, pinse za kushikia freze, na freze zenyewe, ni meza tu. Kwa mashini ndogo chukua freze za chuma cha asye rapide. Hizo unaweza kuzinoa. Karbure ni ngumu, lakini inavunjika haraka mashini ikitetemeka. Na tazama kama mashini inaweza kuzunguka polepole. Kwa chuma cha kawaida na asye rapide, ukingo wa kisu ukimbie kama meta 25 kwa dakika. Freze ya milimeta 10 ni karibu mizunguko 800 kwa dakika. Ya milimeta 20 ni karibu 400. Ukizidisha sana, kisu kinachomeka na makuta yako pamoja nacho.

Wakati tulipokuwa tukitafuta, hatukukaa bure. Kijana alitengeneza meza ndogo ya kupanda na kushuka, tukaifunga juu ya gari la turu. Freze ikashikwa pale kitu kinaposhikwa siku zote, na mhimili uliochoka ukafungwa juu ya ile meza. Kazi ilikwenda polepole sana, milimeta nusu kwa milimeta nusu, lakini mfereji wa klaveti ulitoka. Mashini ya kukoboa ya kwanza tuliyoiponyesha hivyo ilikuwa ya mama mmoja mjane. Wewe unayesoma, kama unayo turu na makuta haijatosha, anza hapo. Turu ile itakufundisha ni frezezi gani unayohitaji kweli.

Mwisho tulipata mashini ya nguzo ya pembe nne, yenye mota ndogo ya faze moja, na karatasi zake zote. Ilikuja kwa treni kutoka Lubumbashi, na tuliingoja mpaka watu wakaanza kutucheka. Tuliifungua vipande vitatu, ikafika nyumbani juu ya pusupusu. Mashini dola 1.350, visu na eto 600, safari 250. Ukitoa na zile 150 nilizozipoteza, ilibaki dola 50, tukanunua simenti ya msingi wake.

Wasichana wangu wawili wako shuleni. Ada ya mwaka huu ilitoka katika mifereji ya klaveti. Na lile daftari bado linaning'inia karibu na mlango wa atelie, na Mama Pasta ndiye analisoma kila Jumamosi. Zile kazi 4 kubwa? Tunazirudisha, na tunamwambia mtu bila haya: «Hii inapita nguvu yetu.»

Yule kijana wa kanisa alisikiliza mpaka mwisho. Alitaka nimtajie jina la mashini. Nilimpa daftari jipya na bic, nikamwambia arudi nyuma ya miezi mitatu. Alikwenda bila furaha sana. Jumapili iliyopita nilimwona akiandika kitu, nje, mbele ya ibada kuanza. Alikuwa amefika mstari wa tisa.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.

Pasta wenu, Kindu