Niachieni Samaki Wangu wa Ijumaa

Leo nawatetea samaki. Ijumaa iliyopita niliweka picha kwenye kundi la familia, sahani ya samaki wa kukaanga ndani ya ukumbi wa parokia yetu hapa Milwaukee, na kabla sijamaliza kula simu ilikuwa inatetemeka mezani. Shangazi aliona glasi ya bia ya jirani yangu nyuma ya sahani. Dada aliona watu wanacheka. Mjomba, ambaye aliwahi kuwa mwenyekiti wa jumuiya na mpaka leo anaongea kama mwenyekiti, aliandika kwa herufi kubwa: KWARESIMA HII? Tangu hapo nimekuwa nawajibu vipande vipande, mara kwa sauti, mara kwa maandishi, na sijaridhika na hata jibu langu moja. Basi nayaandika yote hapa, wasome kwa nafasi.

Kwanza waelewe kwamba huku Wisconsin Ijumaa ni siku ya samaki, iwe Kwaresima au isiwe. Wakatoliki waliohamia hapa kutoka Ujerumani na Poland walikuja na desturi ya kutokula nyama Ijumaa, wakakuta Ziwa Michigan lina samaki wa kutosha na bei yake ni ya watu wa viwandani. Kisha pombe ikapigwa marufuku nchi nzima, kuanzia 1920 hadi 1933, na baa zilizobaki hazina cha kuuza zikawa zinavuta wateja kwa sahani ya samaki. Marufuku ikaondolewa, samaki wakabaki. Ikifika Kwaresima parokia nazo zinawasha majiko, na kuanzia Jumatano ya Majivu hadi karibu na Juma Kuu hakuna kona ya mji huu isiyo na kanisa linalokaanga.

Parokiani kwetu kazi hiyo inashikwa na wazee wa Knights of Columbus, chama alichokianzisha Padre Michael McGivney kule New Haven mwaka 1882 ili wajane na mayatima wa wahamiaji wasitupwe. Wengi wamestaafu. Wanafika mchana, wanavaa aproni, wanakoroga unga na bia ndani ya ndoo nyeupe. Mimi nimewahi kusimama karibu na mzee mmoja nikamwangalia mikono. Anamshika samaki kwenye ncha ya mkia, anamburuta ndani ya ule uji wa unga, anamwinua achuruzike, halafu hamtupi kwenye mafuta. Anamshusha taratibu mpaka nusu, anamshikilia hapo kidogo mafuta yakichemka pembeni, ndipo anamwachia. Ukimwachia mapema, aliniambia, anazama akiwa mbichi na unga wake unanata kwenye wavu. Amekaanga hivyo Kwaresima nyingi, na kila samaki anampa muda uleule kama ndiye wa kwanza. Sahani inakuja na mkate mweusi, kabichi iliyokatwa nyembamba na kuchanganywa na mayonezi, na vile vichapati vya viazi vilivyokunwa ambavyo Wajerumani na Wapolandi wa hapa wanavila na rojo la tufaha. Vitamu, na sitawadanganya.

Sasa nije kwenye meza, maana ndiyo hoja yangu. Zile meza ni ndefu, zimetandikwa karatasi, na huchagui pa kukaa. Unakaa penye nafasi. Nyinyi mliozaliwa na jumuiya mlangoni hamwezi kujua hilo lina thamani gani. Nilipofika huku nilikuwa naenda Misa kila Jumapili, napeana amani na watu kwa kichwa na tabasamu, wimbo wa mwisho unaimbwa, na muda si mrefu maegesho hayana gari. Hakuna aliyeniuliza jina. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi, nina watoto wangapi, nani mgonjwa nyumbani. Padre ni mwema, mahubiri yake mafupi na yamepangwa vizuri, choo kisafi, kila kitu kina ratiba mpaka kitubio: Jumamosi alasiri, foleni fupi, basi. Nilikuwa mwana wa Kanisa nisiye na mtu.

Ilikuwa mezani kwa samaki ndipo mama mmoja mjane alipogeuka akaniuliza, wewe ni wa nani? Aliuliza kwa Kiingereza chake, lakini swali ni lilelile la bibi yangu. Alinieleza habari za bibi yake Mpolandi aliyekuwa anawasimamisha watoto wote ukutani Ijumaa Kuu saa tisa, hakuna kusema, hakuna kucheza. Nikamwambia kwetu ilikuwa hivyohivyo. Mwanangu alipolazwa mwaka jana, mama huyo ndiye aliyekuja na sufuria ya supu. Shangazi, huyo ndiye jumuiya yangu, na nilimpata penye ile bia unayoiona kwenye picha.

Dada ana hoja nzito zaidi, nayo naiheshimu. Anasema samaki siyo toba. Kwa watu wa Mwanza ni kweli. Sisi sato na sangara ni ndugu zetu, na mama hakuwa anahesabu samaki kama njia ya kukwepa nyama. Ijumaa ya Kwaresima kwake ilikuwa ugali na maharage yasiyoungwa, chumvi tu. Mnakumbuka yule jirani wa mwaloni aliyetuletea sato mkubwa Ijumaa asubuhi, bado anatikisa mkia? Mama alishukuru, akampasua yule sato, akampaka chumvi, akamtundika. Tukashinda tunamtazama mpaka Jumamosi. Nilikuwa mdogo, lakini ile siku nilielewa Kwaresima kuliko katekisimu yote iliyofuata.

Hata hivyo sheria ya Kanisa haikumtaka mama afike huko. Tangu Papa Paulo VI alipozipanga upya kanuni za toba mwaka 1966, mfungo wenyewe unawabana watu wazima siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Ijumaa nyingine za Kwaresima mtu anaacha nyama, kuanzia umri wa miaka 14. Mlo mmoja wa samaki hauvunji kitu. Mama alizidisha kwa sababu alipenda kuzidisha, na upendo wake siuweki kwenye mizani. Ila dada asimhukumu mkaanga samaki wa Milwaukee kwa kipimo ambacho mama alijipimia mwenyewe.

Tena Ijumaa hizi zilikuwa na nguvu zamani kuliko watu wanavyojua. Mwaka 1962 huko Cincinnati, Lou Groen, mwenye duka la McDonald's kwenye mtaa wa Wakatoliki, aliona kila Ijumaa ya Kwaresima anakosa wateja. Akabuni mkate wa samaki. Ray Kroc, mkubwa wa kampuni, alitaka mkate wa nanasi na jibini. Wakashindanisha siku ya Ijumaa Kuu: samaki 350, nanasi 6. Leo mkate ule unauzwa duniani kote, na wengi wanaoula hawajui kwamba ulizaliwa kwa sababu mtaa mzima uliamua kutokula nyama siku moja.

Hicho ndicho kinachoniuma ninapoona desturi inapunguzwa kwa ajili ya starehe. Tarehe 17 Machi 2023, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, iliangukia Ijumaa ya Kwaresima, na maaskofu wengi wa Marekani wakatoa ruhusa watu wale nyama ya chumvi na kabichi, chakula cha Waairishi wa hapa. Ruhusa ni halali, na wengine walitakiwa wafidie kwa toba nyingine. Lakini siku moja, jamani! Mtakatifu mwenyewe anasimuliwa kwamba alifunga siku 40 mlimani. Kwetu sijawahi kusikia mtu akimwomba Askofu ruhusa ya kula mbuzi Ijumaa ya Kwaresima kwa sababu yoyote ile.

Na kuna jambo linaniuma zaidi ya hilo, nalo sikuliweka kwenye kundi la familia kwa sababu mjomba angelishikia bango. Saa moja jioni, ukumbi ukiwa umefurika na foleni imetoka nje hadi kwenye theluji, juu kanisani inaanza Njia ya Msalaba. Unapanda ngazi, harufu ya mafuta inakufuata, unafungua mlango, unakuta wazee wachache wametawanyika kwenye mabenchi, kila mmoja na benchi lake. Shemasi na watumikiaji wawili ndio wanaotembea kituo hadi kituo. Sisi tunageuza shingo. Tunapiga magoti kwenye mbao zenye sponji, tunainuka, tunapiga tena. Muda mfupi imekwisha, taa zinazimwa, na chini wanacheka bado. Mara ya kwanza nililia, nikiwa kituo cha nne, Yesu akikutana na Mama yake, maana kile kituo kwetu Mwanza kinaimbwa na akina mama wa WAWATA.

Nyinyi mnajua Njia ya Msalaba ya kwetu ilivyo. Jua la saa tisa, changarawe magotini, msalaba wa mbao unapokezanwa kutoka kwa wazee kwenda kwa akina mama, kwa vijana wa VIWAWA, kwa watoto wa Utoto Mtakatifu ambao hawaufikii mabegani na bado wanaung'ang'ania. Kwaya bila ngoma wala kinanda. Mama muuza dagaa amefunga meza yake amekuja na vumbi lake. Hilo huku sijaliona parokiani kwetu, na nitalililia mpaka nitakapoliona.

Nimeliona Chicago lakini. Ijumaa Kuu moja tuliendesha gari hadi Pilsen, mtaa wa Wameksiko, tukakuta barabara ya 18 imejaa watu wanaomfuata kijana aliyebeba msalaba, amevuliwa viatu, askari wa Kirumi wanampiga, wanawake wanaomboleza kwa sauti. Desturi hiyo ina kidonda ndani yake. Mkesha wa Krismasi wa 1976 nyumba moja hapo iliungua, wakafa watoto 10 na mama 2. Wazima moto hawakuelewa Kihispania cha watu waliokuwa wanawaambia bado kuna watoto ndani. Kwaresima iliyofuata, mwaka 1977, waumini wa mtaa wakaibeba Njia ya Msalaba barabarani, na mpaka leo wanaibeba. Mwanangu alishika mkono wangu njia nzima hakusema kitu. Hakuelewa lugha, wala mimi sikuielewa sana, lakini kwenye kile kituo cha nne bibi mmoja aliyekuwa mbele yetu alianza kuimba peke yake, wengine wakampokea, na nilikuwa nyumbani.

Kwa hiyo mjomba asidhani nimesahau barabara. Sijasahau. Ila naye anisikilize kidogo kuhusu kinachofuata kwetu baada ya kituo cha 14. Matangazo. Tumetoka kulia mbele ya kaburi la Bwana, na mtu anasimama na daftari: jumuiya fulani imekamilisha, jumuiya fulani bado, bahasha za Kwaresima zirudi kabla ya Matawi, wafuatao hawajatoa. Nilikuwa na miaka kama kumi nilipomsikia baba anasomwa. Hakuwa na kazi mwaka ule. Alitazama mbele, hakugeuka, na njiani hakuna aliyemsemesha. Huku Marekani watoto wanapewa kiboksi cha karatasi cha kukaa mezani nyumbani, desturi iliyoanzia Allentown, Pennsylvania, mwaka 1975. Wanatumbukiza hela ya kile walichojinyima, robo inabaki kwa maskini wa jimbo na sehemu nyingine yote inavuka bahari. Hakiandikwi jina, na mwisho wa Kwaresima vyote vinarundikwa pamoja chini ya altare.

Tukishasomwa, tunatawanyika. Kila mtu na njaa yake kwenda kwake, mwingine kwenye maharage, mwingine kwenye sufuria isiyo na kitu, na aliyepiga magoti kando yake hajui. Watu wa kwetu tunalishana kwenye harusi na kwenye msiba, tunalishana vizuri kuliko taifa lolote ninalolijua. Kwenye Kwaresima, ambayo Kanisa linatuambia ni kusali, kufunga na kutoa, tunasali pamoja, tunachangishwa pamoja, lakini kula kile kidogo tulichobakiza kila mtu anakula peke yake amefunga mlango.

Dada, wewe ni katibu wa WAWATA kigangoni, kwa hiyo hili nalikuachia wewe. Ijumaa moja tu, baada ya kituo cha mwisho, kabla mtu hajashika daftari. Ugali na dagaa, nje, chini ya ule mwembe wa nyumba ya katekista. Anayeweza atoe elfu mbili, asiyeweza asiulizwe, kitakachobaki kipelekwe gerezani Butimba pamoja na sabuni mnazopeleka kila mwaka. Bia siitaki, mjomba atulie. Masufuria ya misiba mnayo, kuni mnazo, na mama wa dagaa yuko palepale kwenye msafara na vumbi lake. Mimi nimeshamwandikia mwenyekiti wetu huku kwamba Njia ya Msalaba isogezwe iwe saa kumi na moja, kabla ya samaki, watu waipitie wakiwa na njaa. Amejibu kwamba wakaangaji wote wanakuwa jikoni saa hiyo. Nimemwambia wazime majiko nusu saa. Bado tunabishana.