Bega la Fundi wa Piano

Watu wakiniona nimeinamia piano kanisani husifu masikio yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za bega. Nimetuni piano za Nairobi, na za shule za Limuru na Nakuru, tangu ujana hadi ndevu zikaota mvi. Masikio huzoea mapema. Bega ndilo huamua utadumu katika kazi hii au utaiacha.

Piano ina vibonye 88, lakini nyuzi zake hukaribia 230, maana noti nyingi zina nyuzi tatu tatu. Kila uzi umezungushwa kwenye pini ya chuma na kuvutwa kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Pini nazo zimebanwa katika ubao mgumu, na lazima zibane hasa, la sivyo uzi utalegea. Fundi huzisogeza moja baada ya nyingine kwa spana yenye mpini wa sentimita 30 hivi, huku mkono wa pili ukigonga kibonye kwa nguvu, tena na tena, ili uzi utulie mahali pake. Anayegonga kwa upole ataitwa arudie.

Mzee aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno mengi. Nikiilaza spana kando kwenye piano ya kusimama, alikuwa akisema tu, "Kijana, mpini utazame juu." Sababu niliielewa polepole. Nyuzi za piano hiyo hushuka kutoka kwenye pini kwenda chini. Mpini ukilala upande, nguvu yako huipinda pini kufuata mkondo wa uzi. Sauti hubadilika, nawe hufurahi, kumbe pini haijazunguka. Ukiondoa spana inajinyoosha na sauti inahama. Basi unaanza upya, unakaza zaidi, na kila kurudia huko kunalipwa na kiwiko. Mpini ukisimama kama mishale ya saa sita mchana, unausukuma kando kidogo tu, pini inazunguka, na mkono unaweza kuegemea juu ya sanduku la piano badala ya kuning'inia hewani.

Hayo aliyajua. Habari ya kupumzisha mkono hakunipa, na sidhani yeye mwenyewe alipewa. Zama zile maumivu yalihesabiwa kuwa sehemu ya ujira.

Kazi nzito kuliko zote ni piano iliyotelekezwa kwa miaka mingi, ikashuka nusu toni. Hiyo huwezi kuituni kwa mzunguko mmoja tu. Ukikaza nyuzi za mbele, ubao wa sauti unazidi kulemewa, na zile ulizomaliza zinashuka tena. Kwa hiyo unapita yote kwa haraka kwanza, kisha unarudi kwa utulivu. Ni kazi ya piano mbili kwa malipo ya moja, maana mwalimu mkuu hawezi kuelewa kwa nini bei ipande ilhali piano ni ileile. Misimu ya mitihani nilizifululiza za namna hiyo hadi nikashindwa kuvaa koti bila kusaidiwa. Daktari wa viungo alinishika bega akauliza, "Mzee, wewe ni seremala?"

Tangu hapo nilijizoeza kushika spana kwa mkono wa kushoto kwenye piano za kusimama, na mwanzoni nilikuwa mzito kama mwanafunzi. Kiganja nakiweka sawa na mkono, sikikunji. Nguvu naitoa mgongoni. Kidole cha kugongea nakiegemeza kwa gumba, kisibebe pigo peke yake.

Binti ninayemfundisha ni mfupi, hivyo hupanda kibao ili bega lisiinuke. Amejinunulia spana nzito, ile inayoisukuma pini kwa mshtuko mdogo badala ya kuvutwa. Niliicheka hadi nilipoijaribu. Siku hizi piano za kusimama namwachia yeye, mimi nachukua grand, zile za kulala. Kule angalau ninakaa.