Nambari ya Usajili

Mwaka wa pili chuoni, kompyuta za maabara yetu zilikuwa na Vim ya kitambo na mimi nilitaka mpya. Nikapakua msimbo wake, nikapiga ./configure, make, halafu make install. Ikakataa: huna ruhusa. Usipoiambia kitu, inajipeleka /usr/local, na huko huandiki bila nywila ya msimamizi. Nikamwendea jamaa wa maabara. "Kijana, hii mashine ni ya babako?"

Ni rafiki wa hosteli aliyenionyesha: ./configure --prefix=$HOME/.local. Yaani jenga kwako. Ukiongeza $HOME/.local/bin kwenye PATH, umemaliza, na hujamwomba mtu. Nilifurahi kama mtu aliyenunua ploti.

Nisichojua ni kwamba ile njia haiishii kwa Makefile. Inachapwa ndani ya programu yenyewe, ndiyo ijue faili zake za rangi na za msaada ziko wapi. (Wengine hudhani DESTDIR ni kitu kimoja na hiyo. Siyo. DESTDIR hubadilisha tu pahali faili zinanakiliwa wakati wa make install; anwani ya ndani inabaki ileile.)

Karo ikakwama. Hiyo hadithi mnaijua. Nilinakili .local yote kwa flash, nikapanda matatu. Mama nikamwambia tumefunga.

Likizo ikawa ndefu. Binamu akanipa laptopu yake kuukuu, nikaanza kuandikia watu makala kwa shilingi 300 moja. Usiku mmoja nikaweka ile Vim yangu. Ikafunguka ikilalamika kwamba haioni defaults.vim. Rangi hakuna, msaada hakuna. Nikapiga vim --version, na karibu na mwisho ikanionyesha inakotafuta: /home/, kisha nambari yangu ya usajili, kisha .local/share/vim. Chuoni akaunti zetu zilipewa hizo nambari, bila mikwaju.

Mama alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Si hiyo ni namba yako ya shule?"

Angeikosaje? Ni yeye aliyekuwa akiijaza kwenye fomu za benki kila muhula, kwa kalamu ya kuazima, akihesabu tarakimu mara mbili.

"Kwani mnafungua lini?"

Nikamwambia. Yote, hata barua niliyoificha. Aliketi kitandani. Baadaye sana akasema, "Na mimi nimekuwa nikiweka ya muhula ujao," akaenda kulala. Chai ilibaki mezani.

Ningeweza kuirekebisha kwa mstari mmoja tu, export VIMRUNTIME, ikaelekezwa kwa folda mpya. Sikufanya hivyo. Nilipiga make distclean, nikaanza upya na --prefix ya hii laptopu, nikaangalia mistari ikipita hadi ikakoma. Kisha vim --version tena. Ilikuwa na jina langu tu.

Makala ya asubuhi ilikuwa bado. Nikaifungua.